Baboni Zilizopoteza Majina

Hudson alipostaafu na kurudi kijijini Kulesa kutoka Watamu, majirani walitarajia ashuke na friji na kabati la vioo, kama walivyozoea kuona kwa waliozeekea kwenye mahoteli. Akashuka na magodoro mawili, miche ya maembe ya kupandikiza, na sanduku la mbao alilokuwa amelipakata njia nzima, maana alikataa katakata lipandishwe juu ya basi. Ndani ya sanduku mlikuwa na chupa nane ndogo za kahawia, za aina ile ile wanayotilia dawa ya kikohozi, kila moja imelala kwenye kishimo chake.

Alikuwa amefanya kazi ya baa zaidi ya miaka ishirini, na katika vinywaji vyote alivyowamiminia wageni, kimoja tu ndicho kilichomteka: bourbon, wiski ya Marekani, ambayo Kulesa nzima sasa inaiita baboni. Mlevi hakuwa. Mlevi hajali anakunywa nini, ilhali Hudson alitaka kujua kila kitu. Alitaka kujua kwa nini hii inanukia ndizi iliyoiva na ile inanukia karanga, kwa nini nyingine inapita kooni kama asali na nyingine inauma ulimi kama pilipili manga. Na lililomfurahisha kuliko yote ni kwamba baboni hutengenezwa kwa mahindi zaidi kuliko nafaka nyingine yoyote. Mahindi yale yale aliyokulia yeye kwenye shamba la mama yake kando ya mto Tana, wenzake huko ng'ambo huyageuza kinywaji na kukilaza miaka ndani ya pipa la mwaloni lililochomwa kwa ndani mpaka likawa jeusi.

Siku alipomweleza habari hiyo rafiki yake Roble, Msomali mwenye duka na lori pale Garsen, alidhani atachekwa. Roble hajaonja pombe maishani mwake na hana nia. Lakini aliielewa haraka kuliko wote. Alisema mama yake mpaka leo hufukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, na kwamba maziwa ya ngamia yasiyoonja moshi ni kama maji ya kuoshea kikombe. Tangu siku hiyo Hudson alimheshimu maradufu.

Kila Jumamosi alasiri walikaa watatu kwenye ukumbi wa nyumba ya Hudson. Wa pili alikuwa Barnabas, aliyestaafu kazi ya kutibu mifugo, ambaye watu humwita Daktari hata sasa. Wa tatu alikuwa Kadzo, mama wa Kigiriama mwenye hoteli ya chai na samaki Garsen, aliyekulia kwenye minazi ya baba yake na aliyeweza kuonja pombe ya mnazi akakwambia imegemwa asubuhi au jana. Kila mtu alipewa tone la kulowesha ulimi, asipate zaidi. Walinusa, wakaonja, kisha wakabishana mpaka jua likapoa.

Ili mtu asidanganywe na jina, Hudson alibandika karatasi zenye majina chini ya kitako cha kila chupa. Hukuweza kuzisoma mpaka uigeuze chupa, na kuigeuza kabla ya kutoa hukumu ilikuwa haramu.

Pauline, mkewe, ni mwimbaji wa kwaya na hanywi. Hata hivyo hakuwa na ugomvi na sanduku, maadamu hakuna aliyepaza sauti kwake wala kuondoka akiyumba. Isitoshe, lilimfaa. Chupa moja katika zile nane, ya mwisho upande wa dirishani, iliyokuwa kali na isiyo na adabu, Hudson aliidharau akasema ni ya keki tu. Kila mwaka Hudson aliijaza upya, na kila Krismasi Pauline aliichanganya na zabibu, akaoka keki kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, akaipeleka kanisani.

Upande wa pili wa sanduku alikaa mfalme. Hiyo ilikuwa baboni ya miaka mingi ambayo binti yao Alice, anayefanya kazi kwenye meli za watalii, alimletea baba yake siku ya kustaafu. Walionja kidogo siku ile, na iliyobaki Hudson akaihamishia kwenye chupa ndogo ili isiharibiwe na hewa. Alisema haitafunguliwa tena mpaka Alice aolewe. Barnabas alimwomba angalau ainuse, akakataliwa. Aliomba mara nyingi, akakataliwa mara zote.

Kisha ukaja mwaka ule wa mafuriko. Mvua za huko juu ziliposhuka, Tana ilipanda kimya kimya, ikapita mashamba ya mpunga, ikapita migomba, asubuhi ikawa mlangoni. Roble alileta lori lake akalisimamisha pale barabara ilipokuwa bado kavu, akabeba watu na mizigo bila kumuuliza mtu chochote. Hudson na Pauline walivuka kwa mtumbwi na mbuzi, magodoro na magunia ya mahindi. Hudson alirudi mara ya mwisho, akalitoa sanduku, akasimama nalo mikononi maji yakiwa magotini.

Akalitazama lile lori lililojaa akina mama na watoto, na Roble juu yake akipokea mizigo kwa mikono yake mwenyewe. Hakutaka kumpa rafiki yake mzigo wa pombe apakie kwenye chombo chake bila kujua, na kumwambia ukweli mbele ya watu kungemtia katika aibu ya kukataa. Alirudi ndani, akalifunga sanduku kwa kamba juu ya boriti ya dari, akaondoka.

Wiki walizokaa kwenye mahema kando ya barabara ya Garsen zilikuwa ngumu, na Hudson hakutaja chupa zake hata siku moja. Watu walikuwa wamepoteza mavuno. Angeanzia wapi kulia kwa ajili ya baboni? Lakini Pauline alimjua. Alimwona akiinusa turungi, chai ya rangi ya kambini, kwa muda mrefu kabla ya kuinywa, akasikia huruma na kicheko kwa pamoja.

Maji yalipopungua walirudi. Ukuta wa mashariki ulikuwa umeanguka, na boriti pamoja nao. Sanduku lilipatikana kwenye shamba la jirani, limekwama kwenye shina la mwembe, limejaa tope. Hudson alipiga magoti akalifungua. Chupa moja ilikuwa imepasuka. Saba zilikuwa nzima, vifuniko vimekaza. Akazigeuza moja moja. Karatasi zote zilikuwa zimeondoka na maji.

"Mama Alice," alisema, "zote zimekuwa yatima."

Ilibidi wangoje mpaka nyumba mpya ipate paa, kwenye kiinuko mbali kidogo na mto. Jumamosi ya kwanza ya nyumba hiyo, Barnabas na Kadzo walifika wamevaa kama wanaokwenda harusini. Walikubaliana kwamba Pauline awe msimamizi. Yeye angemimina ndani ya nyumba, alete vikombe bila chupa, na wao waonje kila moja mpaka waitambue. Hudson hakuwa na wasiwasi. Alisema mfalme wake angemtambua hata akiwa na homa.

Kikombe cha kwanza walikubaliana bila shida kwamba ni ile ya ndizi. Cha pili kilileta mzozo. Barnabas alisema ni ya karanga, Kadzo akasema karanga gani, huu ni moshi, na Hudson akasema wote wawili wana mafua. Cha tatu kilipofika, Hudson alikinusa, akakiweka chini. Akakiinua tena, akaonja, akafumba macho.

"Huyu hapa," alisema polepole. "Sihitaji vikombe vingine. Huyu ndiye mfalme."

Akaanza kuwaeleza. Mwanzo wake ni mahindi mabichi ya kuchoma, alisema, kisha inakuja sukari guru, kisha ngozi ya kitabu cha zamani, na mwishoni moshi unaokaa ulimini kama mgeni asiye na haraka. Kadzo akaonja akainamisha kichwa kwa heshima. Barnabas, aliyenyimwa miaka yote hiyo, alionja huku macho yakimlegea, akasema sasa ameelewa kwa nini alikuwa akinyimwa.

Pauline alikuwa amesimama mlangoni na chupa mkononi. Alianza kucheka kwa tumbo, sauti haitoki, mpaka akashika fremu ya mlango. Hudson akamuuliza kuna nini.

"Baba Alice, hii ni ya keki."

Akawaonyesha kifuniko. Kilikuwa na meno ya koleo pande mbili. Alisema alipokuwa akioka keki ya Krismasi kifuniko kilimshinda, akakifungua na kukikaza tena kwa koleo mpaka kikakwaruzika. Hakuna chupa nyingine aliyoishika kwa koleo. Na ndani mlibaki kijiko tu, kwa kuwa karibu yote iliingia kwenye zabibu.

Barnabas alitazama pembeni kwa adabu, lakini mabega yalimtetemeka. Hudson alihisi masikio yakipata moto. Zaidi ya miaka ishirini kwenye baa, na maneno yote yale ya ngozi ya kitabu, kumbe alikuwa akiisifu chupa aliyoidharau mwenyewe! Alitaka kusema mafuriko yameharibu ulimi wake, akaona ni aibu juu ya aibu. Akakigeuza kikombe mkononi. Kisha, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaonja tena. Ladha ilikuwa ile ile, na ilikuwa nzuri ajabu.

Kadzo ndiye aliyetuliza mambo. Alimwomba Pauline alete chupa zote mezani, akaziinua moja moja, akizipima uzito kwa mkono kama anayechagua samaki. Moja ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Akauliza hii ni ipi, maana kila walichokuwa wakionja kilikuwa kimepungua. Wakaimimina. Ilinuka rangi ya mlango, ikawachoma koo wote watatu, na Barnabas akakohoa mpaka machozi.

"Hii ndiyo isiyo na adabu," alisema Kadzo. "Haijaguswa. Sasa Mama Alice, Krismasi uliokea nini?"

Pauline akakunja uso akikumbuka. Alisema alifanya kama kawaida: alichukua ile ya mwisho, upande wa dirishani, kama alivyoelekezwa na mumewe miaka yote. Hudson akalikumbuka lile dirisha. Mwezi ule wa Desemba jua lilikuwa likipita dirishani na kuangukia upande wa mfalme, na yeye kwa kuogopea mfalme wake joto, aliligeuza sanduku zima ili mfalme akae kivulini chini ya dirisha. Jua lilipohama mchana, hakukumbuka kuligeuza tena wala kumwambia mkewe, na mfalme akabaki mahali pa ile ya keki. Sasa alijua alichokuwa amefanya.

"Ile keki," Barnabas alisema taratibu. "Ile keki ya Krismasi."

Wote waliikumbuka. Kanisa zima lililikumbuka jambo hilo. Mchungaji aliomba kipande cha pili, kisha akaulizia cha kupeleka nyumbani. Wazee wa kanisa walikwangua sufuria. Mama mmoja kutoka Wenje aliyekuja kusalimia jamaa alitaka kujua zabibu zinanunuliwa wapi. Hudson mwenyewe alikula vipande viwili na kumsifu mkewe njiani kwamba mwaka huu mkono wake umebarikiwa.

Hudson ndiye aliyecheka wa kwanza, na alicheka sana, mpaka kiti kikalia. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mambo mawili: ulimi wake haukumdanganya, na mfalme hakuchukuliwa na maji. Alikuwa ameliwa na watu wake mwenyewe, siku ya Krismasi, wote wakiwa wazima, nyumba ya zamani ingali imesimama. Ni sikukuu gani nyingine alikuwa akiingojea?

Waligawana kijiko kilichobaki. Hudson alimsogezea mkewe kikombe, angalau aguse kwa mdomo, kwa kuwa siku kama hiyo haiji mara mbili.

"Mimi nimeshakula yangu," alisema Pauline, akaenda kutoa viazi jikoni.

Jumatatu Hudson alikwenda Garsen kununua misumari, akamsimulia Roble yote, tangu lori mpaka koleo. Roble alisikiliza akihesabu misumari, akasema angeombwa angekataa, kisha angemhurumia njia nzima mpaka kambini, kwa hiyo alifanya vyema kutomuuliza. Lakini keki hiyo, alisema, wasithubutu kumletea dukani. Alice alipopiga simu na kuulizia zawadi yake, Hudson alimwambia ilifunguliwa kwa heshima kubwa, akampa mama yake simu aendelee.

Zilibaki chupa tano za kuamuliwa. Maji yalipoondoka yaliacha tope jeusi zuri shambani, na mahindi ya msimu huu yamempita Hudson kimo, kwa hiyo Jumamosi hufika akiwa amechoka na mikono inanuka majani. Tatu wameshazipa majina, na safari hii wameyabandika ubavuni, kwa herufi kubwa, ili Pauline ayasome. Mbili zilizosalia hakuna anayekubaliana na mwenzake. Kadzo anasema moja ni ya moshi na nyingine ya karanga, Barnabas anasema ni kinyume chake, na Hudson anashikilia kwamba zote mbili ni za moshi, na kwamba ya karanga ndiyo iliyopasuka. Wiki iliyopita walibishana mpaka Pauline akatoka na kuwakumbusha kwamba anatakiwa kwenye mazoezi ya kwaya, na kwamba sauti zao zimevuka mto.