Kelele ya Gurudumu la Kushoto

Opondo alikuwa fundi mwenye jina kubwa pale Kisian, na mwenye jina kubwa hapendi kukosolewa mbele za watu. Dorca alilijua hilo vizuri. Alikuwa amefanya kazi kwenye gereji yake miaka sita, mwanamke peke yake kati ya wanaume wanne. Hata hivyo siku ile mdomo ulimponyoka.

Mwalimu Maryanne, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Maseno, alikuwa amerudi mara ya tatu na gari lake dogo. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa likigonga ko, ko, ko kila lilipopita kwenye tuta au shimo. Mara ya kwanza Opondo alibadilisha shokamzoba. Mara ya pili akabadilisha linki, chuma chembamba kilicho kando yake. Kelele ikabaki pale pale. Safari hii alikandamiza boneti mara mbili, akatega sikio, akatangaza kwamba ni bushi, kile kipete cha mpira kati ya vyuma.

"Mzee, mimi naona ni boljointi," Dorca akasema.

Opondo akageuka polepole. "Unaona? Tangu lini kelele ikaonwa?"

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Opondo akamwamuru Dorca aangalie ukuta, kisha akaokota spana na kugonga ringi. "Hiyo ni nini, Injinia?" Akagonga bampa. "Na hiyo?" Akagonga sufuria ya mama wa chai. "Hiyo sasa ndiyo unaijua!"

Kicheko cha Mwalimu Maryanne ndicho kilichosikika kuliko vyote, chembamba na kirefu. Dorca alibaki ameukabili ukuta.

Opondo alipokwenda kula, Dorca alilipiga gari jeki. Akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu. Akapenyeza mtaimbo chini yake, akainua. Boljointi, kile kifundo kinachoshikilia gurudumu lisichomoke, kikapanda na kushuka: ko. Kilikuwa kimelika kabisa. Mpira wake umepasuka, ndani mchanga na kutu.

Opondo aliporudi akamwonyesha, sasa kwa kunong'ona. Mzee alichuchumaa, akaona kwa macho yake.

"Nikimwambia leo ni boljointi, zile spea mbili za kwanza nitasema zilikuwa za nini?" akauliza. "Jaza grisi humo, inyamaze. Ukikataa, vua ovaroli yangu, tundika pale kwenye msumari, uende."

Dorca alikuwa na binti, Shantel, wa miaka kumi na mitatu, na kwenye barabara ile hakuna gereji nyingine iliyoajiri wanawake. Akachukua bomba la grisi, akakijaza kile kifundo mpaka grisi ikafurika kwenye nyufa za mpira.

Kisha Opondo akamtuma aende na mwenye gari kulijaribu. Mwalimu Maryanne akatandika gazeti kwenye kiti kabla Dorca hajakaa, akateremsha vioo vyote. Wakapita matuta ya sokoni. Kimya.

"Ajabu!" Mwalimu akasema. "Umeona? Mkubwa akisema, wewe sikiliza. Wanafunzi wabishi kama wewe mimi huwafukuza darasani."

Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi wa Dorca: Mwalimu, usiliendeshe gari hili, gurudumu litang'oka. Opondo hakuwepo. Hakuna ambaye angesikia. Gazeti likachakarika chini yake, naye akafunga kinywa. Basi na liende, akajiambia. Na kwa kitambo kile kifupi alisikia raha.

Grisi ilishika siku nne. Asubuhi ya tano, kwenye mteremko wa kutoka Maseno, karibu na Ojola, kifundo kikachomoka. Gurudumu likalala chini ya gari, gari likaacha lami na kuukumba mkaratusi. Mwalimu Maryanne alitolewa hai, lakini mguu mmoja ukakatwa juu ya goti.

Opondo hakungoja kuulizwa. "Huyu ndiye alijaza grisi," akawaambia polisi. "Mimi nilisema bushi. Watu wote walisikia akinibishia."

Na kweli, walikuwa wamesikia.

Dorca akaenda hospitali mwenyewe. Akasimama kando ya kitanda, akaeleza yote: jeki, mtaimbo, amri ya Opondo. Mwalimu Maryanne akamsikiliza mpaka mwisho.

"Tulipokuwa tunajaribu gari, ulijua?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Ukanyamaza kwa kumwogopa Opondo?"

Angeweza kuitikia, na pengine ingemsaidia. "Hapana," akasema. "Ulinicheka. Ukanitandikia gazeti."

Mwalimu Maryanne akafumba macho. Alipoyafumbua akachukua simu, akabonyeza kitufe cha kurekodi. "Rudia hayo, pole pole. Opondo usimtaje. Yeye namtaka awe shahidi wangu."

Dorca akarudia, na jina la Opondo akalitaja mara tatu. Kortini sauti ilipochezwa, jina hilo lilikuwa limekatwa mara zote tatu. Opondo alikuja na suti ya kijivu, akaapa, akarudia yale aliyowaambia polisi. Dorca akafungwa miaka miwili, naye Shantel akachukuliwa na shangazi yake wa Muhoroni.

Mtoto alikuja kumwona gerezani mara moja. Alikuwa amerefuka.

"Mama, ni kweli yule mwalimu alikucheka?"

"Ni kweli."

"Basi alistahili," Shantel akasema, akatabasamu.

Dorca akatafuta neno la kumkanya. Akalitafuta mpaka askari akagonga meza kwamba muda umekwisha.