Kisima Hakijasukutua

Usiku wa jana niliota nimeandikishwa chuo kikuu, mimi niliyeishia darasa la saba, nisomee maji ya ardhini na wale wanafunzi waliopiga kambi kijijini kwetu likizo hii.

Darasa limo ndani ya kisima chetu cha pampu. Nateremka na ndala zangu. Ubaoni pameandikwa: KISIMA KIFUNGWE. Mwandiko ni wa Asnathi, yule binti mpole wa chuo aliyechota chupa moja jana, akaipima, akatikisa kichwa. Kikifungwa, tunarudi mtoni, saa mbili kwa mguu. Na miguu yangu mnaijua.

"Shikamoo, bibi," inasema pampu.

"Marahaba. Mbona umenuna?"

"Huyu binti kanionja ndiyo kwanza naamka! Sijanawa uso, sijasukutua. Wewe ungekubali?"

"Mimi hata meno sina, mwanangu."

Asnathi yuko dawati la mbele, maji kiunoni, analia taratibu.

"Kanuni naijua, bibi. Maji yaliyolala bombani unayamwaga kwanza, ndipo unapima yanayotoka ardhini. Lakini kina mama walikuwa foleni na ndoo tupu. Nimwage maji mbele yao? Niliona haya."

"Haya zako ni za adabu, mjukuu wangu. Ila zitatuua kwa kiu."

Mara darasa ni ukumbi wa harusi. Mlangoni kasimama Mfinyanzi, udongo mzito, hapitishi mtu. Mlango wa pili yuko Mchanga, anapitisha yeyote, hata wasio na kadi. Napita kwa Mchanga.

Bi harusi ni pampu, kajitanda khanga.

"Sitoki nje hivi," anasema. "Nisukutuliwe ndoo thelathini."

Napiga pampu. Inatoka kutu. Unatoka umbeya wa mwaka juzi, pamoja na ule nilioanzisha mimi; huo naukanyaga upesi. Ndoo ya thelathini, maji yanatoka baridi, meupe, yanamwamkia Asnathi kwa jina.

Nikaamka. Kumekucha, Asnathi anabisha hodi, chupa mbili mkononi.

"Bibi, nani kapiga pampu alfajiri? Pale chini pamelowa chapachapa, na maji yanakuja safi kabisa! Nimechukua upya, nakwenda kufuta ile ripoti yangu ya kufunga kisima."

"Sijui, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa nimelala."

Nikaficha viganja ndani ya khanga. Vilikuwa vimejaa malengelenge.