Mwisho Mpya wa Geti Jeusi

Mwanjelwa nzima, hapo Mbeya, hakuna aliyeijua muvi ya Geti Jeusi kama Marta. Si hii mpya. Ile ya zamani, ya kwenye diski, iliyochezwa na watu ambao siku hizi wamenenepa au wameacha sanaa. Mtoto anaibwa getini pa shule, mama yake anamsaka mji mzima huku askari wakimzungusha, na mwisho anamkuta amefungwa kwenye stoo ya mashine ya kusaga, mweupe kwa unga, lakini mzima. Marta aliiangalia kila mara mpaka pale mtoto anapopiga chafya. Kisha akazima, akalala.

Alianza kuiangalia hivyo baada ya Lutengano kupotea. Alikuwa mtoto wao wa pekee, wa miaka sita, na alipotelea Uyole siku ya soko, mama yake akiwa ameinama kuchagua viazi. Alipoinuka, kale kamkono kalikokuwa kameshika kanga yake hakapo. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara kuu, mengine ya Dar, mengine ya Tunduma, na hakuna aliyeona kitu. Walitangaza redioni, wakatangaza makanisani, wakabandika picha yake mpaka Makambako. Miaka ikaenda.

Aliyechoka kwanza ni baba yake. Clement alikuwa Mhehe wa Kihesa, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Siku moja alimwambia mkewe waende kwa mchungaji, wapange ibada ya kumuaga mtoto, wakae matanga kama watu wengine.

"Mimi simlilii mtu aliye hai," Marta akamjibu.

Walivutana hivyo masika mawili. Ya tatu yalipoingia, Clement alifunga randa na misumeno yake, akarudi kwao Iringa. Talaka hakuna, ugomvi wa majirani kusikia hakuna. Akaondoka tu, na Marta akabaki na kibanda chake cha vitenge. Taratibu watu wa sokoni wakaacha kumwita Mama Lute, wakidhani wanamhurumia. Wakawa wanamwita Marta.

Mwaka huu ikasikika kwamba Geti Jeusi imechezwa upya, na wenyewe wanazunguka nayo mikoani, wakikodi kumbi. Mdogo wake, Sabina, alikuja kibandani akipepea tiketi mbili.

"Dada, funga mapema leo. Ni ile muvi yako!"

Mbeya walipata ukumbi wa harusi. Viti vya plastiki, mapambo ya sherehe ya juzi bado yananing'inia, shuka kubwa jeupe ukutani na spika ambazo moja ilikuwa ikikoroma. Lakini watu walijaa, na kwa saa nzima hakuna aliyekohoa. Marta alijikuta amemshika Sabina mkono kwa nguvu. Na hapo alijua kila kona ya hadithi ile.

Ilipofika kwenye mashine ya kusaga, mvua ikashuka. Mvua ya Mbeya ikipiga bati, hata mchungaji hunyamaza akasubiri. Kwenye shuka mlango wa stoo ulivunjwa, mama akaingia mbio na tochi. Magunia tu. Marta akangoja chafya. Picha ikaendelea: mama amezeeka kidogo, amesimama na mumewe juu ya kilima, anamgeukia, midomo yake inasema jambo. Mvua ikayameza maneno yote. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Mtoto yuko wapi?" Marta aliuliza kwa sauti. Ukumbi mzima ulikuwa ukiuliza hivyo hivyo.

Walikwama barazani wakisubiri mvua ikatike, na hapo ndipo watu walipoichambua.

"Wameiharibu. Ile ya zamani ilikuwa na utamu, mtoto anapatikana unarudi nyumbani na amani yako."

"Afadhali hii, kaka. Ile ya zamani mwizi unamjua dakika ya kumi."

"Tatizo ni ukumbi. Muvi ya kutisha unaionyesha chini ya bati masika? Yule mama amesema nini pale mwisho?"

"Asemeje, hata kulia hajui! Analia kama amekanyagwa kidole."

Wakacheka. Sabina akamtazama dada yake, akamfunika kanga mabegani. "Nisamehe, dada. Sikujua wamebadilisha."

Kesho yake mchana simu ya Marta iliita, na jina lililotokea lilikuwa halijatokea kwa muda mrefu.

"Mama Lute," Clement alisema.

Marta ilibidi akae juu ya marobota ya vitenge. "Baba Lute. Za huko?"

"Nzuri. Nakupigia kuhusu ile muvi. Imekuja huku wiki iliyopita, bado inaonyeshwa. Nimesikia kopi nyingine iko Mbeya. Usiende peke yako."

"Nilienda jana."

Marta aliisikia randa ya mtu mwingine ikikwaruza mbao nyuma ya Clement.

"Uliyasikia maneno ya mwisho?"

"Mvua. Amesema nini?"

"Siwezi kukwambia kwa simu."

"Ni muvi tu, Baba Lute. Niambie."

"Siwezi," akasema. "Njoo uyasikie mwenyewe."

Sabina alimkatalia katakata asiende Iringa. Lakini Jumamosi Marta alipanda basi la asubuhi, na njia nzima hakujidanganya kwamba anafuata muvi. Mtu aliyemwita Mama Lute alikuwa Iringa.

Clement alimpokea stendi amevaa shati lililopigwa pasi. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Hawakukumbatiana, alipokea begi lake, wakatembea. Ukumbi wa Iringa ulikuwa mdogo lakini wa maana, wenye dari, na mabenchi yenye migongo ambayo Clement aliyachonga mwenyewe. Walikaa nyuma. Sauti ilisikika safi, hata hatua za mwizi kwenye kokoto.

Safari hii Marta alijua mtoto hatapatikana, akaangalia kwa macho makavu mpaka kule kilimani. Mama akamgeukia mumewe, akasema: "Nimekubali. Tumlilie."

Taa zikawaka. Clement alikuwa akiangalia mikono yake.

Nje kulikuwa na binti mchangamfu, Eveline, mwenye ukurasa wa kuchambua filamu mtandaoni, akiwasogezea watu simu na kuwauliza maoni. Mmoja akasifu mabenchi, mwingine akatukana mwisho. Eveline akamfikia Marta.

"Mama yangu, toleo jipya umelionaje? Wengi wanasema yule dada hajui kulia."

Clement alitaka kumvuta, Marta akabaki amesimama.

"Anajua," alisema. "Ila analia kilio kimoja toka mwanzo mpaka mwisho. Kile cha kupiga ukelele ni cha siku za mwanzo. Baadaye hakitoki. Unapika, unauza, unacheka na wateja. Halafu mtoto wa mtu anaita 'mama' huko sokoni, na mguu wako unageuka wenyewe."

Eveline alishusha simu kidogo. "Na ule mwisho, mama?"

"Ule mwisho ni wa kwao," Marta akasema, akaondoka.

Walipokuwa wakipandisha kwenda Kihesa, Clement ndipo alipolitoa lililokuwa moyoni. Mama yake alikuwa mgonjwa, hatoki tena kitandani, na ombi lake lilikuwa moja: asife hajamlilia mjukuu wake. Mchungaji amekubali kufanya ibada Jumamosi ijayo. Ndugu wamekwishaambiwa.

"Nilipoisikia ile kauli kwenye muvi," alisema, "nikasema labda Mungu amenitafutia mtu wa kukwambia. Mimi nilishindwa."

Marta alisimama katikati ya njia. Alikuwa amepanda basi akidhani anaitwa arudi kwa mumewe, kumbe ameitwa azike.

"Bado unamtafuta?" akauliza hatimaye. "Kwenye watu?"

"Kila kijana ninayekutana naye," Clement akajibu. "Nimechoka, Mama Lute. Ninamtazama mtoto wa watu mpaka anaogopa."

Hapo Marta akaona kwamba mtu huyu hakumsahau mtoto wake hata siku moja, na miaka yote aliyomwona kama msaliti ilikuwa imepotea bure. Kujua hivyo kulimuuma kuliko ule mwisho.

Nyumbani, mama mkwe alimshika mkono kwa vidole vikavu. "Kamwene, mwanangu," akamsalimia kwa Kihehe.

Marta alipiga magoti kando ya kitanda. "Mlilieni, mama. Sikatazi tena. Ila mimi sitakuwepo."

"Marta," Clement akasema.

"Akirudi," Marta alisema bila kumgeukia, "akute yupo mmoja ambaye hajamzika."

"Utachoka ukiwa peke yako."

"Nimeshachoka, Baba Lute. Wewe pumzika."

Asubuhi Clement alimsindikiza stendi. Alisimama chini ya dirisha lake mpaka basi likaondoka, na wote wawili walijua kwamba ndoa yao imeishia pale, bila mchungaji wala hakimu.

Jumamosi ya ibada Marta alifungua kibanda kama kawaida. Sabina alikuja akakaa naye, akamsaidia kukunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa. Wateja walikuja wakaenda. Jioni simu ikaita.

"Tumemaliza," Clement alisema. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Watu walikuja?"

"Walijaa mpaka nje."

"Na mama? Alilia?"

"Alilia sana. Sasa amelala."

Marta aliuma pindo la kanga, kisha akaliachia. "Mmekula?"

"Tumekula."

"Haya," akasema. "Usiku mwema, Clement."