Faini ya Mstari

Mama Viti aliliegesha gari mara ya tatu ndipo likakaa sawasawa kati ya mistari miwili myeupe, maana mumewe, ambaye huu ulikuwa mwaka wake wa tatu wa umarehemu, hakuwahi kuvumilia kitu kilichopinda. Mara ya kwanza alisema tairi la nyuma limekanyaga. Mara ya pili alisema afadhali, lakini pua imetazama kando kama mtu aliyenuna. Mara ya tatu alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa kusifu.

"Sasa tushuke au tumngoje apime kwa uzi?" aliuliza wifi yake kutoka kiti cha nyuma.

Mume huyo watu walimwita Mstari tangu ujanani. Alikuwa fundi wa vigae, na kwenye sakafu aliyoitandika yeye ungeweza kuviringisha gololi kutoka mlangoni hadi ukutani isigeuze njia. Kazi zilipoadimika nyumbani alivuka mpaka, akaingia kwenye kampuni iliyokuwa ikijenga jumba hilihili ambalo sasa gari lilikuwa limesimama mbele yake, jumba la vioo lenye ngazi pana na mlango unaojifungua wenyewe. Siku moja kamba ya jukwaa iliachia, naye akaanguka kutoka juu. Kampuni ikasema haina mfanyakazi wa jina hilo. Wasamaria wakamzika kwenye makaburi ya wageni, chini ya kibao chenye namba, na namba hiyo wakamtumia mkewe.

Mama Viti, ambaye kazi yake ni kushona viti vya magari, alihangaika sana. Aliiandikia kampuni, akapiga simu hospitali, akapanga foleni ubalozini. Kote alijibiwa kwa adabu kwamba hakuna karatasi inayoonyesha kuwa mumewe aliwahi kufika nchi ile. Mwishowe aliona mguu ni bora kuliko simu. Akawasha gari lake la zamani, akamchukua wifi yake kwa ajili ya njia na maneno, wakavuka mpaka kwenda angalau kuandika jina juu ya lile kaburi.

Asubuhi hiyo walimkuta Mstari kwenye bomba la lango la makaburi, anaosha mwiko wake.

"Mmechelewa," alisema. "Mlipotea pale mzunguko?"

"Mara mbili," alijibu mkewe. "Watu wa huku wanapita upande usio wao."

Wifi alimtazama kaka yake kuanzia utosini hadi kwenye viatu. "Umekonda, kaka."

"Chakula cha huku hakina chumvi," alisema Mstari, akachukua mfuko wake wa vifaa, akakaa kiti cha mbele.

Wifi alihamia nyuma akinung'unika kwamba huko hakuna mahali pa kuweka magoti ya mtu mzima. Taa ya mkanda, ambayo huwaka hata ukiweka mfuko wa viazi kwenye kiti, haikuwaka. Mama Viti alimfunga mkanda mwenyewe. Vumbi jeupe la saruji lilikuwa likimdondoka mabegani, naye akalipangusa kwa kiganja kama alivyofanya jioni zote za ndoa yao, akasema neno lilelile alilolisema jioni hizo zote: "Kwani huwezi kujikung'uta nje?"

Kwa kuwa sasa mwenyewe alikuwapo, kibao cha kaburi hakikuwa na haraka tena. Lakini kabla ya kushika njia ya nyumbani Mama Viti alitaka aijaribu kampuni mara moja ya mwisho, uso kwa uso. Ofisi zake zilikuwa ndani ya lile jumba. Alama ya maegesho ilisema gari laweza kusimama pale kwa muda mfupi bila malipo, mradi lisiachwe bila mtu ndani.

"Twende wote," alimwambia mumewe.

"Jengo hili nilishalishuka mara moja," alisema Mstari, "tena kwa haraka. Inatosha."

"Basi kaa kwenye usukani. Akija mtu, mwambie tunarudi sasa hivi."

Huko juu hawakukaa sana. Karani wa kampuni, kijana mtanashati mwenye sauti ya kubembeleza, alitafuta kwenye kompyuta yake, akatafuta tena kwa kuandika jina kwa namna nyingine, kisha akasema anasikitika, hayupo. Wifi akamwuliza sakafu aliyoikanyaga kuja hapo kazini imetandikwa na nani. Karani akaitazama sakafu. Alikiri kwamba ni sakafu nzuri.

Waliporudi, karatasi ya faini ilikuwa imebanwa chini ya waipa. Mstari alikuwa ameketi nyuma ya usukani, mikono yote miwili juu yake, akiisoma kwa upande wa nyuma kupitia kioo.

"Sikukwambia umwambie?" aliuliza Mama Viti.

"Nilimwambia. Askari mwenyewe mwungwana sana, kanisalimia, kaniuliza na habari za safari, ndipo kaniambia muda umekwisha, niondoe gari. Kasema yeye ananiona, ila mashine yake hainioni, na inayoandika faini ni mashine."

Kwenye karatasi kulikuwa na picha ndogo ya gari. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu na mkanda ulikuwa umefungwa, umetuna mbele kama umezunguka kifua cha mtu.

Mama Viti alikuwa mwanamke wa kumeza mengi, lakini hili lilimkwama. Ofisi ya faini ilikuwa ng'ambo ya barabara, na dirisha lake lilitazama maegesho. Kwenye kaunta alikaa mama mmoja wa makamo aliyejifunga sweta mabegani, ana mafua, pakiti ya tishu iko karibu na mkono.

"Sheria yenu inasema gari lisiachwe bila mtu," Mama Viti alimwambia. "Letu halikuachwa bila mtu."

"Huyo mtu yuko wapi?"

"Yule pale."

Yule mama alifuta miwani, akainama dirishani. Mstari akainua mkono. Naye akainua wake.

"Namwona. Pole sana, dada. Ni marehemu, siyo?"

"Ndiyo. Mume wangu."

"Marehemu wa hapa au wa kwenu?"

"Kufa alifia hapa. Ila ni wa kwetu."

Mama wa kaunta alipiga chafya, akaomba radhi, akafikiri. "Wa hapa tuna utaratibu wao. Wanakuja wengi, hasa siku za mwisho wa mwezi. Wa nje sijapata kuulizwa. Ngoja nimwite bosi."

Bosi alitoka chumba cha ndani akiwa na kipande cha mkate, mtu mpole mwenye tai iliyochoka. Alisikiliza kisa chote akitafuna kwa upande mmoja ili asiwakosee heshima. Alisogea dirishani, akamtazama Mstari, akaitazama picha ya mashine, akamtazama Mstari tena.

"Mama ana haki," alisema. "Gari lilikuwa na mtu. Hii faini ya kuacha gari tunaifuta."

Wifi akatoa pumzi kwa sauti. "Alhamdulillahi. Kumbe watu wapo."

"Lakini sasa," bosi aliendelea, "kama mtu alikuwapo, tena kwenye usukani, basi alikuwa dereva. Na kama ni dereva, askari alipomwambia muda umekwisha alitakiwa aondoe gari. Hakuliondoa. Hilo ni kosa la dereva kukaidi amri, na faini yake ni kubwa kuliko ile. Itabidi tumwandikie yeye."

"Aliondoe vipi na mikono ya marehemu?" wifi alipaza sauti. "Nyie mnatoa kwa huku mnachukua kwa kule! Wifi, hebu mwambie arudishe ile ndogo tulipe tuondoke."

Mama Viti alimgeukia bosi. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta.

"Mtamwandikia yeye?" aliuliza taratibu.

"Ndiyo, mama. Ndiye mkosaji."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake."

"Yote matatu? Lake, la babake na la babu?"

"Sharti yawe yote. La sivyo mashine haisomi."

"Na mtaandika kwamba alikuwa hapa? Mji huu, mtaa huu?"

"Mtaa, tarehe, saa. Na muhuri."

"Andika," alisema Mama Viti.

"Wifi umerogwa!" alisema wifi yake.

"Andika tu, baba. Nalipa."

Mama wa kaunta akaandika. Mama Viti alimtamkia yale majina herufi kwa herufi, na kila moja lilipotokea kwenye kioo cha kompyuta aliinama kulitazama, kama mtu anayemtazama mtoto wake akipanda jukwaani kupokea zawadi ya shule. Wifi, ambaye alikuwa na maneno mengi bado, aliyaona majina ya baba yake na ya babu yake yamekaa pamoja kwenye ofisi ya watu, akachomoa tishu kwenye pakiti ya mama wa kaunta bila kuomba.

Mkosaji alitakiwa kutia sahihi. Mstari aliitwa, akaja akivuka barabara kwa kufuata mistari ya pundamilia, hatua zote juu ya weupe. Alisalimia kila mtu. Kalamu ilimponyoka vidoleni mara mbili, kwa hiyo wakamruhusu kuweka dole gumba, nalo likaacha alama ya saruji iliyokauka palepale, ngumu, iliyokwaruza ukiipitishia mkono.

Aliinua karatasi kwenye mwanga. Aliisoma kuanzia juu hadi chini, na kuanzia chini hadi juu.

"Wameandika vizuri," alisema mwishoni. "Muhuri tu ndio umeinama kidogo."

"Hata hilo?" alisema mkewe, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi, vyote viwili kwa mpigo.

Wakapanda tena kule juu na ile karatasi. Safari hii Mstari alifuatana nao, kwa sababu mkewe alimshika mkono na hakumpa nafasi ya utani. Alitembea akitazama chini, akihesabu maungio ya vigae vyake kwa midomo. Karani mtanashati aliisoma karatasi kwa makini sana, akamtazama Mstari, akampa kiti.

"Hii ni halali kabisa," alisema. "Inaonyesha kwamba mzee alikuwa hapa leo. Haionyeshi kwamba alikuwa hapa wakati wa ujenzi."

"Leo amefikaje kama wakati ule hakufika?" aliuliza Mama Viti.

"Hilo kweli ni swali zuri, mama. Lakini si la ofisi hii." Karani akashusha sauti zaidi, kama anayemsaidia. "Tena nikushauri, hii usiionyeshe sana. Imeandikwa ni dereva. Mtu anayeweza kuendesha gari ni mzima, na mzima hana fidia."

Wifi alifungua mdomo. Mstari akamgusa bega, vumbi likamwagika kwenye gauni lake. "Twende," alisema. "Kijana wa watu ameajiriwa. Nawe kijana, pale mbele ya lifti kuna kigae kimoja kimeinuka, mwambie mkubwa wako. Mtu atajikwaa."

Karani aliandika hilo mahali.

Mpakani afisa aligonga muhuri pasipoti mbili, akauliza ya tatu. Mama Viti akampa ile faini. Afisa alisema mtu ambaye hakuingia kwa kawaida hawezi kutoka, lakini mtu aliyetozwa faini ndani ni lazima aliingia, akaigonga muhuri nayo. Kule upande wa pili Mama Viti alirudi upande wake wa barabara, mabega yakashuka, na Mstari akalala hadi nyumbani, kichwa kikiwa juu ya mkanda, bila kuacha mvuke wowote kwenye kioo.

Sasa yuko karakana. Mkewe akimaliza kushona kiti, Mstari hukikalia na kumwambia kama mshono umekwenda sawa, na wateja wamezoea kukuta vumbi jeupe kidogo kwenye viti vyao vipya. Wengine huchukulia ndiyo dalili ya kazi nzuri. Kampuni haijawalipa hata senti ya fidia. Ile karatasi imetundikwa ukutani, imenyooshwa kwa pimamaji.

Wiki iliyopita alikuja fundi mpaka rangi wa mtaa wa nyuma, mwanamume aliyeoa juzijuzi. Amepata kazi ng'ambo, kampuni ileile. Wanapandisha jumba la pili kando ya lile la kwanza. Alikuja kumwuliza Mstari hali ya huko.

"Wanalipa, fundi?"

"Wanalipa, wakikukumbuka."

"Basi nitakwenda. Mke wangu ana mimba, na hapa kazi ni za kuokoteza."

Mama Viti alisimamisha mashine. Alimtazama mumewe, akisubiri amkataze. Mstari hakumkataza. Yeye mwenyewe alikwenda kwa sababu hiyohiyo, na waliomkataza wakati ule walikuwa wengi.

"Ukifika tu," alimwambia, "tafuta kosa dogo. Vuka barabara pasipo mistari, keti pasipokaliwa, lolote. Wakuandike faini. Hakikisha ni majina yote matatu."

Mpaka rangi akacheka. Alipoona wenye nyumba hawacheki, akaacha, akaitikia kwa kichwa.

Ndipo Mstari akanyanyuka, akachukua kamba nene iliyofungia marobota ya ngozi, akamrushia, akamwonyesha nguzo ya karakana. Mama Viti aliteleka chai. Mpaka rangi alizungusha kamba kwenye nguzo, akaifunga, akaivuta kwa nguvu zake zote, akarudi nyuma. Mstari aliigusa kwa kidole kimoja, ikaachia.

"Jukwaani usimwachie mtu akufungie," alisema. "Tena."

Akaifunga tena. Mstari akaifungua. Chai ilipoa mezani, Mama Viti akaipasha moto, na wale wawili wakaendelea.

"Tena," alisema Mstari.