Joto la Tanuri Namba Tatu

Bernadine Wolanski alikuwa akikaanga vitunguu vya pierogi, chakula cha Kipolandi cha unga na viazi, joto la tanuri namba tatu lilipoingia jikoni, likapita kando ya friji, likaketi kwenye kiti cha dirishani. Wiki ile kiwanda cha chuma cha mji wao, huko Ohio, kilikuwa kimebomolewa na mitambo yake kupakiwa melini kwenda ng'ambo. Joto halikupakiwa.

"Kaz," alimwita mumewe, "mwenzenu huyu hapa."

Kaz, aliyelihudumia tanuri lile tangu ujana, alivua koti. Theluji iliyeyuka juu ya paa lao, paa lao tu, na majirani wakaja kuanika soksi.

Kaz aliwapigia simu wenzake wa zamani. Tanuri haliachwi peke yake. Likipoa, matofali ya ndani hupasuka, na hapo haliwashwi tena. Basi wakapanga zamu. Walitundika nguo zao darini kwa minyororo, kama walivyozoea kiwandani, wakawa wanakaa na joto kwa kupokezana.

"Likibaki hai, wenye kiwanda watarudi," Kaz alisema. "Watatuita kazini."

Bernadine aliliombea kila aliposali rozari.

"Orville, umelala zamu!" Kaz alimkaripia mwenzake siku moja.

"Nasali, bwana."

"Kwa kukoroma? Mungu atadhani treni inapita."

Mwezi wa Februari alikuja afisa wa nishati, kijana mpole aitwaye Lyle Prescott. Alipima jiko, gesi ilikuwa haijatumika. Alipima kiti cha dirishani, kipimo kikayeyuka. Akaomba maji ya kunywa.

"Liandike, mwanangu," Kaz alisema. "Wajue tanuri letu bado lina moto."

"Mzee, kila mwaka nchi inatumia nishati kidogo zaidi kwa kila dola inayozalisha. Mstari kwenye grafu unashuka vizuri sana. Nikiliandika hili, utapanda."

"Unashuka kwa sababu mmetufunga."

"Unashuka," Lyle alikubali.

Bernadine alimwekea sahani ya pierogi. "Na chuma cha lile daraja jipya pale mtoni, kimetoka wapi?"

"Ng'ambo, mama. Moto wake unahesabiwa hukohuko."

"Lakini daraja tunavuka sisi."

"Ndiyo, mama." Akala, akashukuru kwa dhati, akaandika kwamba nyumba ile ina watu wawili na haitumii kitu.

Kesho yake redio ilitangaza kwamba nchi haijawahi kubana matumizi ya nishati vizuri namna ile. Kaz alisikiliza hadi mwisho, akaizima. Zamu ya alasiri ilipowadia, Orville alishusha nguo zake kutoka darini, akavaa kofia ngumu, akaketi akikikabili kiti cha dirishani.

"Linaendeleaje?"

"Linauliza chuma kiko wapi," Kaz alisema.

"Umelijibu nini?"

"Kwamba kiko njiani."

Akanawa mikono, akaenda kulala.