Mwana wa Mfalme Mwenye Mvi

Sasa Ambrose Hartopp ana sanamu. Wamemweka kanisani, katikati ya majenerali na maaskofu, mguu mmoja mbele, mkono mmoja hewani, kama mtu anayezuia farasi aliyekata kamba. Watu wanakuja kwangu machozi yakiwalenga. "Mama Pell, wewe ndiye uliyekuwa ukimvalisha! Alikuwaje?" Nawajibu kwamba alikuwa mzito. Hawalipendi jibu hilo. Wanataka niwaambie kwamba alipofungua kinywa mishumaa iliinama.

Haikuinama. Nilikuwepo, na mishumaa niliitazama sana, maana nilikuwa naogopa wigi lake lisishike moto.

Nawaandikia hawa wajukuu habari yenyewe, ili siku wakipelekwa kanisani kuonyeshwa lile jiwe wawe wanajua.

Katika ukumbi wetu wa michezo ya kuigiza pale London kulikuwa na desturi moja. Nafasi katika mchezo ilikuwa mali ya mchezaji. Ukishapewa kucheza mwana wa mfalme, umepewa. Hakuna atakayekunyang'anya hadi ufe, au hadi wewe mwenyewe usimame katika chumba cha wachezaji, mbele ya wenzako wote, utamke kwamba unamwachia fulani. Mwenye ukumbi mwenyewe, Bwana Tuffnell, hakuwa na la kusema. Ndiyo maana kwetu mabikira walikuwa na wajukuu, na wapenzi vijana walipanda ngazi wakishika kiuno.

Hartopp aliipata nafasi ya mwana wa mfalme akiwa kijana mwembamba. Ni ule mchezo wa kijana anayetokewa na mzimu wa baba yake aliyeuawa. Akaikalia kama kuku anavyokalia mayai, ila yeye hakuangua chochote. Alizeeka ndani yake, akanenepa ndani yake, na kila mwaka alikata maneno ya wenzake na kujiongezea yake. Malkia alibakiwa na kulia tu. Mwishoni alijitungia hotuba ya kufa, ndefu hivi kwamba yule aliyemchoma upanga alikuwa akichoka kusimama, mara anaegemea nguzo.

Miguu yake tu ndiyo haikunenepa, ilikuwa imekonda juu chini kama fito. Basi nilimshonea mashavu ya miguu ya sufu, akayavaa ndani ya soksi, na wanawake wakayasifu.

Na mzimu wa baba yake aliucheza nani? Aliucheza Gideon Marl, mume wa binti yangu Keziah. Baba marehemu alikuwa kijana wa kuweza kuzaliwa na mwanawe! Tulimpaka unga usoni, tukamvika deraya ya bati, akanguruma. Gideon alikuwa anangoja. Alimngoja Hartopp achoke, akangoja augue, akangoja hata aone aibu. Hilo la mwisho ndilo lililonichekesha.

Mwaka ule wakaja watu wa ukumbi mmoja wa Dublin. Walimtaka Gideon, na Keziah pia kwa kuimba. Gideon akaniambia mezani, "Mama, nikipata nafasi kabla ya Pasaka, tunabaki. Nisipopata, tunaondoka. Sitakufa nikiwa nimepakwa unga."

Nan, mjukuu wangu, alikuwa amelala mapajani mwangu, mate yake yananilowesha kifua. Ndiye mjukuu pekee niliyekuwa naye wakati huo. Nikawa nasali kila siku Hartopp aanguke, asiumie sana, lakini aanguke.

Basi jioni moja ya Februari ukumbi ulijaa. Watu hawakuja kwa ajili ya mchezo, walikuja kwa ajili ya kituo cha Hartopp. Kituo ndicho hicho mtakachokiona kwenye jiwe. Mzimu ukitokea, anarudi nyuma, kofia inamwanguka, mkono unakwenda hewani, anaganda. Anabaki vivyo hivyo mpaka apigiwe makofi yakatosha. Yasipotosha, hasogei. Watu walikula machungwa wakikingoja, na kikishapita, wengine walikwenda zao kunywa bia.

Gideon akatokea. Hartopp akaganda. Na katika ule ukimya, kabla ya makofi, mtu mmoja kwenye roshani ya juu akaita:

"Wewe mzimu! Huyo si mwanao, huyo babu yako! Mpishe apite!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hartopp akaendelea kuganda, akisubiri makofi.

"Mpe shikamoo!" mwingine akadakia. "Na fimbo yake!"

Hapo ndipo Hartopp alipoushusha mkono. Akaacha mchezo, akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa. "Nyinyi wala machungwa," akasema kwa ile sauti yake ya kifalme, "nimecheza mbele ya wafalme. Sikuja hapa kucheza mbele ya wapagazi na wauza samaki."

Kosa kubwa. Kwetu mchezaji anaweza kulewa, anaweza kusahau maneno, lakini haruhusiwi kuwatukana waliokaa. Akiwatukana, anawapigia magoti palepale na kuomba radhi, awe nani, awe nani.

"Magoti!" roshani ikaanza. Mabenchi ya chini yakapokea. "Magoti! Magoti!" Mpaka mabibi wenye mapepeo wakawa wanasema magoti.

Bwana Tuffnell alikuwa pembeni yangu nyuma ya pazia, jasho linamtoka. "Piga magoti, Ambrose! Watavunja viti!"

Akapiga. Na aliomba radhi vizuri, siwezi kusema uongo, mkono kifuani, sauti ikitetemeka mahali pa kutetemeka. Wakampigia makofi. Yakaisha. Tukangoja ainuke.

Hakuinuka. Akainamisha kichwa kama anayesali. Tukangoja tena. Mimi nilijua, maana magoti yale nilikuwa nayasugua kwa mafuta ya bata kila siku. Yalikuwa yamegoma.

Gideon ndiye aliyemhurumia. Mzimu mzima, na unga wake na mabati yake, akamwendea, akamshika kwapani, akamwinua kama unavyomwinua mtoto kwenye beseni.

"Lea mwanao, mzimu, lea!" roshani ikalia.

Aliposimama, yale mashavu yangu ya sufu yalikuwa yamezunguka yote mawili, yamekaa mbele, juu ya mifupa.

"Jamani!" mwanamke mmoja akapiga yowe. "Magoti yamezaa!"

Kesho yake Hartopp alikuja katika chumba cha wachezaji amevaa nyeusi, kama mfiwa. Akasimama mbele ya wote. "Mwana wa mfalme," akasema, "namwachia Marl."

Moyo wangu ukaruka. Ndipo akaongeza: "Ila atamcheza kama nilivyomcheza. Hatua kwa hatua, pumzi kwa pumzi. Nitamfundisha. Akibadili kitu, nafasi inanirudia mimi."

Gideon akanitazama. Nikamfanyia ishara kwa kichwa: kubali.

Alimfundisha katika chumba changu cha nguo, mimi nikiwa nashona. "Hapana, Marl! Hapo unakohoa."

"Nakohoa kwa nini, Bwana Hartopp?"

"Kwa sababu mimi hukohoa."

"Wewe una kifua, bwana."

"Watu wamekizoea. Kohoa!"

Jioni Gideon akaweka kijiko chake kwenye supu ya kondoo, hakula. "Mama, nakohoa kikohozi cha mtu mwingine."

"Kohoa, mwanangu. Kikohozi hakiui."

"Mama, jamani!" Keziah akasema.

"Jamani nini? Akohoe apate nafasi, mtoto abaki hapa. Huyo mzee atakufa. Akifa, atacheza anavyotaka."

"Hata wewe huamini kwamba atakufa," Gideon akasema. Na kweli siku zile ilikuwa vigumu kuamini.

Siku ya kwanza ya Gideon ikafika. Hartopp akaketi katika kijumba cha wakubwa kilicho karibu kabisa na jukwaa, koti la mahameli, wigi jipya, pete zote. Gideon akaanza. Alikuwa Hartopp mtupu: mwendo wake, macho yake, kikohozi chake. Watu wakanong'onezana kwa furaha. Nyuma ya pazia nilikuwa nimemshika Keziah mkono, nikijiambia kimoyomoyo, anaweza, anaweza, tunabaki.

Mzimu ukatokea, safari hii mzee mmoja wa kukodi. Gideon akarudi nyuma, kofia ikaanguka, mkono ukaenda hewani, akaganda.

Makofi yakalipuka. Na Hartopp akasimama! Akaweka mkono kifuani, akainama kulia, akainama kushoto, akainama juu kwa roshani ileile iliyomtukana. Watu wote wakageuka, wakalipa jukwaa migongo, wakampigia makofi yeye. "Hartopp! Hartopp!" Wanaume wazima walilia.

Gideon alikuwa bado ameganda, kama alivyoagizwa. Wakaendelea kumshangilia mwingine, naye ameganda.

Halafu akaushusha mkono. Akajikuna shingo. Akaketi chini, sakafuni, mbele ya ule mzimu, kama mtoto anavyoketi mbele ya baba yake aliyerudi safari, akaanza kusema maneno yake kwa sauti ndogo, taratibu.

Maneno yale nilikuwa nimeyasikia maisha yangu yote. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba yule kijana amefiwa. Siku zote nilidhani anasikia baridi.

Mwanamke mmoja wa mabenchi ya chini aliacha kutafuna. Pakawa na ukimya mahali padogo, pale mbele tu, kama watu watatu wanne hivi. Halafu Hartopp akafoka kutoka kijumbani:

"Simama! Simama, wewe mjinga!"

Ukumbi ukakumbuka kazi yake. "Simama! Tunataka kituo! Kirudie kituo!" Maganda ya machungwa yakaanza kunyesha. Keziah akaninong'oneza, "Anasimama?" Nami nilikuwa natamani asimame, Mungu wangu, nilitamani, nilimwona Nan amekwishapanda merikebu. Na hapohapo nilikuwa natamani asisimame.

Hakusimama. Aliucheza mchezo wote kwa njia yake, ndani ya makelele, hotuba ya kufa akaiacha, akafa haraka kama watu wanavyokufa.

Asubuhi Hartopp alirudi chumbani akasema nafasi yake imemrudia. Wenzetu wakampigia makofi, hata malkia aliyekatwa maneno. Watu wa mjini nao wakarudi kumtazama, na waliotoa yowe la babu wakawa wa kwanza kununua tiketi, na wakasema hatujawahi kupata mwingine kama yeye na hatutampata. Sasa wamempa jiwe. Mji mzima ulimwona hawezi kuinuka sakafuni, na mji mzima umeamua haukuona.

Nyumbani Gideon alisimama mlangoni na vipande vya maganda kwenye nywele. "Mama, nisamehe. Nilijua ulivyotaka."

"Keti ule."

"Tunaondoka Jumatatu."

"Nimesikia. Keti ule."

Jumamosi nikampelekea Hartopp soksi zake. Alikuwa mbele ya kioo anajipaka rangi. "Pell! Miguu yangu, haraka."

"Hiyo hapo, bwana. Na utafute mtu mwingine. Nakwenda Dublin na mkwe wangu."

"Na yule? Atacheza mazizini, mbele ya ng'ombe!"

"Huenda. Ng'ombe hawataki kituo."

Akageuka kwenye kiti. "Na mimi nani atanivalisha?"

Lilikuwa swali la kweli, pengine la kwanza nililomsikia akiuliza. Nikamwonyesha kamba zinapofungwa, zile za nyuma ya goti, nikamfundisha mara mbili. Alikasirika, hakusikiliza. Nilisikia baadaye kwamba mwezi ule alipanda jukwaani mara kadhaa na mashavu yake ya sufu yamekaa upande, na watu wakasema ni mtindo mpya, na vijana wa mjini wakaanza kuyavaa hivyo.

Baharini Nan alitapika njia nzima, nusu kwangu nusu kwenye ndoo aliyoishika Gideon. Ukumbi wa Dublin ni mdogo na unavuja upande wa mabenchi ya kushoto. Gideon anamcheza mwana wa mfalme Jumanne na Ijumaa. Kuna watu wanaotoka katikati, wananung'unika kwamba hakuna kituo. Wengine wanabaki, wanakaa kimya, hata machungwa hawamenyi. Mimi nakaa pembeni na sindano yangu, na akija nyumbani namwambia palipoharibika.

"Leo ulimeza maneno, pale na baba yako."

"Nilimeza, mama?"

"Uliyameza. Na usivute mkono wa shati hilo, nimelishona juzi."