Tope Lililolala

Kwaru, kwaru. Hakujakucha, na brashi inasugua kitu uani. Nikajua ni Chinatsu, mke wa mwanangu, ameamka mapema ili anipunguzie usafi wa mwisho wa mwaka. Nikavuta blanketi, nikambariki kimoyomoyo. Laiti ningeamka.

Alikuwa anasugua beseni lako, kangaga wangu wa majini.

"Lile tope nimelimwaga, Mama," aliniambia, mikono imekuwa myekundu kwa baridi. "Majani yalishakufa yote. Lilikuwa linanuka hilo!"

Nikaishika mikono ile. Ilikuwa myekundu kwa ajili yangu.

Hukufa, kangaga. Ulilala. Mwenzio wa kigeni niliyewahi kumnunua dukani alibaki kijani hata theluji ilipomwangukia, nami nikamlea mwaka mzima nikidhani ni wewe. Wewe wa kwetu hunyauka, ukauficha mzizi gizani. Ndivyo unavyojulikana. Ndivyo unavyotupwa.

Nakujua. Unachipua umejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Unafungua majani manne, na umbo lako ndilo herufi tunayoandikia neno shamba: mraba uliokatwa msalaba. Watoto hukuchuma wakidhani ni majani ya bahati. Huna ua, una vipunje vyeusi karibu na mzizi, vigumu kama maharage.

Nakujua, na bado unanishinda. Kivuli hukitaki. Maji yakipungua unasinyaa. Yakitosha, kamba wa mfereji wanakukata shingo. Nakujua, nakujua, na kujua hakukuoteshi!

Mashamba ya mpunga ya hapa yote yalipigwa dawa ya magugu. Umebaki kona moja tu yenye chemchemi, kwa Tomie, rafiki yangu tangu usichana. Na kabla ya msimu ujao wa kupanda mpunga mwanawe analiuza shamba lile, zijengwe nyumba.

Nikaenda na ndoo. Chinatsu aliibeba, macho chini.

"Umeliua tena kangaga lako?" Tomie alicheka mlangoni. "Bibi wewe, hata jiwe ungelikausha!"

"Cheka tu. Nipe tope."

Alichimba mwenyewe, magoti yakimlia, akakataa kusaidiwa. Akachagua tope zito lenye mizizi, akalifunika gazeti kama anayemfunika mtoto. Kisha akamgeukia Chinatsu, taratibu: "Ukiona limekufa, mwanangu, liongeze maji."

Chinatsu akacheka, machozi yakimlenga.

Nilikuwa nimeshainama kuaga. Nikaivuta ndoo, Tomie hakuiachia.

"Kila ukija, huja kwa sababu limekufa," alisema. "Njoo tena, shoga. Njoo hata likiwa hai."